Kopo la Vidonge la Ndugu Wawili

Mmenijia nyumbani mkitaka siri ya kazi, ninyi mnaoanza sasa kuwafuata wagonjwa wa utafiti majumbani mwao. Bon. Siri ya kwanza: mimi sikupenda kutembea hata siku moja. Kuna watu waliozaliwa na miguu ya safari. Mimi nilizaliwa na makalio ya kiti. Mke wangu, Maman Zaina, huwaambia wageni kwamba siku ya harusi yetu nilichelewa kufika, na harusi ilikuwa kwetu.

Nilipoomba kazi ile nilikuwa na diplôme d'État, ile ya kumaliza sekondari, ya asilimia hamsini kamili, bila nukta ya ziada. Wanaoijua alama hiyo wanajua kwamba hapo Mungu na mwalimu walisaidiana. Tangazo lilisema wanatafuta mtu wa kujaza fiche, yaani fomu. Nikajiambia: Amisi, fiche zinajazwa na mtu aliyekaa. Nenda. Kumbe fiche zenyewe ndizo zilikuwa zinatembea, na mimi nyuma yake! Leo Mangobo, kesho Kabondo, keshokutwa pirogue, mtumbwi wa kuvuka mto, mpaka Lubunga, na katikati matako yangu juu ya kiti cha toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, dereva akinisihi nishuke tukifika kwenye mlima. Mlima gani Kisangani, mji tambarare, mtaniuliza. Muulizeni yule dereva.

Utafiti wetu ulikuwa wa kidonge kipya cha maumivu. Tuliwatafuta watu wenye magoti na mabega yaliyochoka, lakini ambao pia moyo wao haukuwa mzima au tension yao, presha ya damu, ilikuwa juu. Dawa nyingi za maumivu zina tabia ya mgeni mbaya: zinalibembeleza goti sebuleni, huku nyuma zinauonea moyo. Zinafanya mwili ukamate maji, na moyo dhaifu unabaki kuyasukuma kama watu wanaosukuma lori lililokwama kwenye matope. Kidonge hiki kipya kilisemekana kuwa na adabu. Kazi yetu ilikuwa kuihakikisha hiyo adabu.

Kwa hiyo nusu ya wagonjwa walipewa kidonge chenyewe, na nusu walipewa kidonge kilichofanana nacho kama pacha lakini ndani hakina dawa. Wote waliendelea na dawa zao za moyo kama kawaida, na wakiumwa sana walikuwa na ruhusa ya kumeza dawa ya kawaida ya maumivu. Nani apate kipi, kura iliamua. Mgonjwa hajui, mimi sijui, hata daktari hajui. Majibu yalifungwa ndani ya bahasha, na bahasha ilikaa mbali na sisi wote ili tusidanganyane.

Ninyi mnabonyeza kioo cha simu na jibu linaruka mpaka ofisini. Sisi tulikuwa na bic, karatasi, mizani begani kama mtoto wa mbuzi, na mashine ya tension iliyolia kama panya. Lakini msidhani shida yetu ilikuwa mizigo. Shida yetu ilikuwa maneno.

Neno la kwanza lililotupiga chini ni “majaribio”. Nilimfikia mama mmoja wa Kabondo, mtu wa kanisa, ameketi anachambua pondu, majani ya muhogo. Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha shule: “Maman, tunakukaribisha kwenye majaribio.”

Akaweka kisu chini.

“Papa, unasema tena?”

“Majaribio, Maman. Ya dawa.”

“Kila siku minapiga magoti Mungu atuepushe na majaribu, na weye unaniletea karatasi niweke signature? Toka kwa parcelle yangu!”

Nikatoka. Nilitoka vizuri, kwa sababu kisu kilikuwa kimerudi mkononi. Tangu siku hiyo tuliliacha neno lile, tukasema “kupima dawa”. Na mimi nikaongeza: “Inayopimwa ni dawa, Maman, si wewe.” Yule mama wa pondu mwenyewe alikuja kukubali baada ya wiki mbili, lakini kwanza aliniombea, mkono wake juu ya kichwa changu, muda mrefu kuliko nilivyostahili.

Neno la pili halikuwa neno, lilikuwa namba. Kila ziara ilinibidi niulize: kutoka sifuri mpaka kumi, sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu yasiyopitwa, leo uko wapi? Kwenye karatasi ni kitu chepesi. Sasa nendeni mkakiulize. Mwalimu mmoja mstaafu alinipa “sita na nusu”, kisha akanionya nisimkadirie juu kwa huruma. Mfanyabiashara wa vitenge alianza na kumi, nilipoinua macho akasema: “Bon, weka nane. Saba, bei ya mwisho.” Bibi mmoja alisema kumi aliitumia siku aliyozaa mapacha, haiwezi kutumika tena. Na kijana wake, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, akamshauri: “Maman, sema dix, dix ndiyo ya kupita darasa.” Watoto wa mtaa wakaanza kuniita Tonton Zéro-à-Dix, Mjomba Sifuri-mpaka-Kumi. Naitwa hivyo mpaka leo, hata msikitini.

Aliyenifundisha kazi kweli alikuwa nesi wetu mzee, Maman Véro. Alinishika siku ya kwanza nikimsalimia mgonjwa: “Unaendelea vizuri, Papa?” na mgonjwa akajibu: “Vizuri.” Maman Véro akanivuta nje kwa shati.

“Amisi, mutu wa hapa atakuambia vizuri hata akiwa ndani ya sanduku ya maiti. Usimuulize kama iko vizuri. Muulize leo alivaa viatu gani.”

“Viatu, Maman?”

“Mutu miguu yake ikianza kujaa maji, anaacha viatu, anavaa babouches, ile ndala. Hatakuambia amevimba. Atakuambia kuko joto. Na umuulize analala na mito mingapi. Ule wa mito tatu, moyo yake inazama.”

Kisha akanifundisha kidole gumba. Andikeni hili, acheni simu zenu. Unabonyeza mfupa wa muundi, juu kidogo ya kifundo, unahesabu mpaka tano polepole, unaachia. Ngozi ikirudi, mshukuru Mungu. Shimo likibaki, mtu huyo amebeba maji. Na mizani: mpime saa ileile, nguo zilezile, na mwambie atoe simu mfukoni. Mimi nilimwandikia baba mmoja kilo moja ya ziada, ofisi nzima ikashtuka, kumbe alikuwa na funguo za duka lake lote kiunoni.

Sasa nije kwa ndugu wawili, maana hao ndio walionifanya niwe mtu wa kazi. Kabla yao nilikuwa mtu wa kujaza fiche tu.

Walikuwa wavuvi wa Wagenia, kwenye maporomoko: Papa Gaspard, mkubwa, na Papa Faustin, mdogo, ambaye naye alikuwa na wajukuu. Mabega yao yalikuwa yameliwa na miaka ya kupanda juu ya miti wanayoisimika kwenye maporomoko na kuinua mitego ndani ya maji yenye hasira. Faustin alikuwa na tension tu. Gaspard moyo wake ulikuwa umepanuka. Alikuwa anameza dawa zake za moyo kila asubuhi na hakuwa anapanda tena juu ya miti, alikuwa anakaa chini akiwafokea wanaopanda.

Waliniita Monganga, yaani daktari. Niliwaambia mara moja kwamba mimi si daktari. Mara moja inatosha. Mtu asikatae heshima mpaka akawa na kiburi.

Hao walikuwa wagonjwa wangu wa mfano. Sikuwahi kukosa kidonge hata kimoja kwenye hesabu yao. Siku ya kuhesabu, chupa zilikuja na vidonge vilivyobaki sawasawa, vya huyu kama vya huyu. Docteur Furaha, daktari wetu, binti wa wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, mdogo kuliko mtoto wangu wa pili lakini tulimwogopa sote, aliinua fiche zangu kwenye mkutano akasema: “Muone kazi ya Papa Amisi.” Nilirudi nyumbani nikitembea kwa miguu, kwa hiari! Maman Zaina alidhani nimefiwa.

Siku moja nikiwa kwao mvua ikanikamata. Wakanipa kiti, wakanipa samaki na lituma, ile ndizi ya kutwanga, na mimi mnanijua, mahali penye kiti na lituma mvua haina haraka. Tulipomaliza kula, Faustin akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga. Akalitikisa kama mtu wa maracas kanisani. Akampa kaka yake kidonge kimoja, naye akachukua kimoja.

Nikauliza: “Papa Faustin, hiyo nini?”

“Dawa yako, Monganga.”

“Dawa yangu niliiacha ndani ya chupa mbili.”

“Njo hiyo. Tulichanganya.”

Gaspard akanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto wa shule. “Si weye mwenyewe ulisema? Chupa moja inaweza kuwa na dawa, ingine iko na hewa. Hakuna mutu anajua. Sasa mama yetu alituzaa wawili ndani ya tumbo moja. Samaki ya mutego moja tunakata katikati. Itakuwa vile gani miye nilambe hewa na leki yangu, huyu mudogo, apone? Ao yeye alambe hewa na miye nipone? Tulimwanga yote pamoja. Kila mutu anapata nusu ya kweli.”

“Na siku ya kuhesabu?”

“Tunagawanya tena sawa, tunarudisha ndani ya chupa,” akasema Faustin. “Si ulifurahi na hesabu yetu?”

Nilicheka mpaka mwiba wa samaki ukanikaa kooni, ikabidi Faustin anipige mgongoni. Na bado nakiri: sijasikia haki iliyopangwa vizuri kuliko ile. Watu wenye shahada tatu walikaa wakapanga kura na bahasha, na wavuvi wawili wakaibomoa yote kwa kopo la maziwa, kwa sababu ya upendo.

Niliwaambia waache. Nikawaeleza kwamba kila chupa ina mtu wake. Wakasema “oui, Monganga”. Ninyi wana wa Kisangani mnaijua “oui” ile, ndiyo ya mdomoni tu.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilipaswa kuandika siku hiyohiyo: wagonjwa wawili wamechanganya dawa. Nikaitazama fiche. Kuna nafasi chini kabisa, ya mambo yasiyo ya kawaida. Nikawaza mkutano, na Docteur akiinua karatasi zangu. Nikawaza kwamba nikiandika, wagonjwa wangu wa mfano watatolewa, na mimi nitaitwa ofisini kueleza, na ofisi iko ng'ambo ya mji na mvua inanyesha. Nikaandika herufi tatu: RAS. Rien à signaler. Hakuna la kutoa habari. Nikaomba lituma kidogo ya kuongeza.

Wiki tatu zikapita. Nilipopita katikati ya hizo, Gaspard alikuwa anajisifu: bega linainuka, goti linakunjika, kutoka saba ameshuka mpaka mbili. Alikuwa amevaa babouches. Nikamuuliza viatu viko wapi, akasema kuko joto. Na mimi, mwanafunzi wa Maman Véro, nikajiambia: kweli, kuko joto.

Ziara iliyofuata nilifika asubuhi nikamkuta amekaa kwenye kiti, amejiegemeza mbele, mikono juu ya magoti. Hakuwa amelala kitandani siku tatu. Alikuwa anaongea maneno mawili, anapumzika, maneno mawili, anapumzika. Nikampandisha juu ya mizani: kilo nne zaidi. Nikabonyeza muundi, nikahesabu mpaka tano, nikaachia. Shimo lilibaki pale linanitazama. Ungeweza kupanda muhogo ndani yake.

“Leo ngapi, Papa Gaspard?” niliuliza kwa mazoea tu.

“Bega… sifuri,” akasema. “Pumzi… njo inakosa.”

Tukamweka kwenye moto, yaani pikipiki, Faustin nyuma yake akimshikilia, mimi kwenye moto ya pili na mizani yangu mapajani. Hospitalini Docteur Furaha alimsikiliza kifua, akamwekea oksijeni, kisha akatoka kwenye korido kupiga simu. Kwa hatari kama ile, wanaotunza bahasha wanaruhusiwa kufungua ya mgonjwa mmoja. Nikamwona anasikiliza. Akashusha simu.

“Papa Gaspard alikuwa kwenye kidonge kisicho na dawa,” akaniambia. “Donc si dawa yetu. Ni moyo wake wenyewe umechoka, ao ni infection. Kidonge aendelee nacho, hakina kitu, kisimsumbue mtu. Nitatafuta upande mwingine.”

Akageuka kurudi ndani.

Faustin alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, na miguuni pake mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko, kopo. Alikuwa amelileta ili kaka yake asikose kidonge cha adhuhuri.

Vijana, nimewaambia mimi ni mtu wa nyumba. Pale, nawaapia, niliiona nyumba yangu. Niliona kiti changu, niliona Maman Zaina akimimina chai. Mlango wa hospitali ulikuwa wazi, hatua kumi na mbili hivi. Nikisema, kazi imekwisha, na jina langu linazunguka mji mzima pamoja na ile Zéro-à-Dix. Nisiposema, kuna mtu ndani anapumua maneno mawili mawili.

“Docteur.”

“Papa Amisi, baadaye.”

“Docteur, bahasha inadanganya. Hapana. Bahasha haidanganyi. Mimi ndiye nimedanganya. Wamechanganya vidonge, Docteur. Gaspard amekula nusu ya vya mdogo wake. Niliwaona. Niliandika RAS.”

Akanitazama kama mtu anayesoma mwandiko mbaya.

“Tangu lini?”

“Nilijua wiki tatu. Wao wameanza zamani.”

Sikupata kelele. Ningependa kelele. Alimwendea Faustin, akanyoosha mkono, akachukua kopo, akaniambia bila kunitazama: “Kaa hapo,” akaingia. Vidonge vikasimamishwa. Akapiga simu tena, na bahasha ya Faustin nayo ikafunguliwa: yake ilikuwa na dawa. Nikasikia akiagiza sindano ya kutoa maji, dozi kubwa. Alipotoka alituambia sote wawili, mimi na Faustin, kwa sauti ya chini: “Akikojoa, tumefika mapema. Asipokojoa, tumechelewa.”

Faustin hakuelewa kwa nini. Nikamweleza: kidonge cha kweli kilikuwa ndani ya chupa yake, na adabu yake haikuwa kamili, mwili wa Gaspard ulikuwa unakusanya maji. Akasema:

“Monganga, miye nilimukatia nusu yangu ili apone.”

“Najua, Papa Faustin.”

“Ya miye njo ilikuwa ya kweli?”

“Ndiyo.”

“Na yake ilikuwa hewa. Angalilamba hewa yake tu, angalikuwa muzima?”

Swali hilo msijifunze kulijibu. Mimi nilimshika mkono tu. Mkono wa mvuvi, mgumu kama kasia. Nikamwambia: “Wewe uligawa. Mimi ndiye niliyenyamaza.” Na hiyo ndiyo kweli ya siku ile, ikiwekwa kwenye mizani yoyote.

Docteur akaniletea fiche yangu na bic. “Rekebisha.” Nikatafuta kifutio kwa macho. Akatikisa kichwa. Andikeni na hili: katika kazi yetu kosa halifutwi. Unapiga mstari mmoja mwembamba juu yake, ili atakayesoma alione lililokuwepo, kisha unaandika pembeni kweli, na tarehe, na sahihi yako. Nikapiga mstari juu ya RAS. Herufi zile tatu zikabaki zinaonekana vizuri sana. Mpaka leo ziko ndani ya kabati fulani, na jina langu pembeni.

Kisha tukangoja. Chini ya kitanda cha Gaspard kulikuwa na ndoo ya plastiki yenye mistari ya lita, nami nikakaa kwenye kigoda nikiitazama ndoo ile kama mtu anayetazama mpira na timu yake imefungwa. Saa nzima ikapita, ndoo kavu. Faustin akaanza kuomba kwa Lingala. Mimi nikaomba kwa Kiarabu kidogo nilichonacho. Nesi alipita, akachungulia, akapita.

Gaspard akafungua macho. “Munaangalia nini?”

“Ndoo,” nikasema.

“Bazima kweli nyiye?” Akapumzika. “Mutoke basi. Miye siwezi… batu wakiniangalia.”

Tukatoka mbio, wazee wawili tukigongana mlangoni. Tukasimama nyuma ya ukuta, tumeshika pumzi. Na vijana wangu, nimesikia muziki mwingi katika mji huu, kwaya na ngoma na fanfare ya siku kuu, lakini ile sauti iliyoanza kugonga plastiki, ikaendelea, ikaendelea, ikapumzika, ikaendelea tena! Faustin aliniangukia begani akilia na kucheka, na tulikuwa hatujui tena nani anamshika nani.

Kulikuwa na wasaidizi wa kubeba ndoo. Niliwakatalia. Nikaibeba mwenyewe, mikono miwili, nikikanyaga polepole nisimwage, kupita korido yote na ua wote mpaka mahali Docteur Furaha alipokuwa anasubiri kupima. Mama mmoja aliyekuwa anamfulia mgonjwa wake akanizuia njiani.

“Papa, unabeba nini unacheka hivi?”

“Mukojo ya Papa Gaspard, Maman,” nikamjibu. “Inapita lita mbili!”

Docteur akainama, akasoma mstari, akanyoosha mkono aandike. Kisha akanipa bic mimi, niandike.